Mstari wa Kijani wa Basi la Handeni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini ningeanza kuongea nawe bila shikamoo ungenikata jicho hata kaburini.

Arobaini imepita na wageni wa Kwashemshi wamerudi kwao. Mama anakula sasa, kidogo kidogo. Brashi zako niliziosha kwa mafuta ya taa nikazitundika, kisha nikazishusha tena, maana nina kazi. Ndiyo, Baba. Mwanao amepaka basi rangi!

Mzee Semkiwa, mwenye basi la Handeni, alikuja kutupa pole. Akiwa hapo hapo mkekani akamwambia Mama kwamba basi lake atalipeleka Tanga likapakwe rangi, kwa kuwa mkono wako umezikwa nawe na msichana hapaki basi. Mimi ndiye niliyeshika birika la chai. Nusura nimmwagie. Nikamwambia, "Mzee, nipe ubavu mmoja tu. Nikiuharibu nitaufuta mwenyewe, na hilo basi ulipeleke unakotaka." Mama alinitazama kama nimepagawa. Mzee akacheka, akakubali.

Nikapiga uzi wa chaki kutoka mlangoni hadi nyuma. Nikakata karatasi za mifuko ya saruji, Mama akapika uji mzito wa muhogo uwe gundi, nikabandika karatasi juu na chini, nikiacha katikati nafasi ya mstari wa kijani, kama ulivyofanya tangu ulipokuwa unapaka malori ya jeshi wakati wa vita. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa amekula karatasi kiasi cha hatua tatu na bado anatafuna. Nililia, Baba. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia kwa sauti.

Halafu nikakumbuka pilipili. Miaka yote hiyo uliponda pilipili ukaitia kwenye gundi, nami nilidhani ndiyo inayoifanya ishike. Safari hii nikaiacha kwa kuwa huniwasha vidole. Kumbe ilikuwa ya mbuzi! Mbona hukuniambia? Nikabandika upya kwa gundi ya pilipili, kali kabisa, na yule mbuzi alipokuja alilamba mara moja tu akaondoka zake.

Jambo la pili sikulisahau. Unakumbuka nilivyokusumbua nikiwa mdogo, kwa nini unapaka rangi ya maziwa pembeni mwa karatasi wakati basi lenyewe lina rangi ya maziwa? Nilikuona mharibifu wa rangi. Hukubishana nami. Ulinipa kipande cha bati nipake nipendavyo, na kijani kikapenya chini ya karatasi, ukingo ukatoka kama meno ya msumeno. "Funga ukingo kwanza," ukasema, ukaenda zako kunywa chai. Basi nilifunga ukingo kwa rangi ya maziwa. Penye upenyo palipenya maziwa juu ya maziwa, hakuna wa kuyaona. Yalipokauka nikamwagia ardhi maji pande zote ili vumbi litulie, ndipo nikapaka kijani.

Sikungoja kikauke. Kilipoanza kunata kidoleni nikaanza kuvuta karatasi, nikiikunja irudi nyuma juu yake yenyewe, taratibu, pumzi nimeibana. Mstari ukatoka mnyoofu, Baba. Mnyoofu! Niliugusa hewani tu, bila kuufikia.

Mzee Semkiwa alifika, akainama, akafumba jicho moja akautazama kutoka nyuma hadi mbele. Akasema nipake na ubavu wa pili. Akasema pia niandike jina lako pale chini, nyuma ya gurudumu, watu wakubali kwamba ni kazi ya fundi.

Nilichovya brashi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nisamehe, Baba: sikuandika jina lako. Niliandika Mwanahamisi, herufi moja moja, na Mama, asiyejua kusoma, akaniuliza nimeandika nini. Nilipomwambia, akapiga kigelegele barabara nzima ikageuka.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi kwamba sitatoa kwenye uwanja wako huu wa kazi gari lenye ukingo mchafu, maana sasa wanajua ni nani wa kumlaumu.

Mwanao,
Mwanahamisi
Korogwe