Mkanda Unaosimama Nikipita

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako je, limeacha kukusumbua wakati wa kuinuka? Baba naye mpe shikamoo yangu, umwambie koti alilonipa bado zima, ila tumbo ndilo linalokataa vifungo. Mimi ni mzima, na nina habari ambayo nimeshindwa kuisema kwa simu kwa sababu ungenikatiza kwa kicheko.

Unakumbuka nilipokuwa mdogo, redio yako ikikwaruza kila nikipita mbele yake, ukawa unanitoa nje taarifa ya habari ikianza? Dada akanibandika jina la Mkosi. Basi Mkosi amekua, Mama, na mkosi wake umekua naye.

Hapa kiwandani biskuti zinapita ndani ya tanuri juu ya mkanda wa chuma unaovutwa na mota, na mota hiyo inaongozwa na kisanduku cha umeme kilicho ukutani. Tangu nipandishwe kuwa msimamizi wa zamu, kila nikiingia kutoa maagizo, mkanda unasimama ghafla na biskuti zinaungulia ndani. Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakaniwekea kiti uani, karibu na mapipa ya taka, wakaniomba kwa heshima zote niwe nasimamia kupitia dirishani. Mwanamama anayekanda unga alinishauri nibadilishe viatu. Nikabadilisha. Biskuti zikaungua vilevile.

Meneja haamini mambo ya mkosi, lakini moshi aliuona kwa macho yake. Akaniambia bila kuzunguka kwamba zikiungua tena nitarudi stoo kubeba magunia. Niliumia sana, Mama. Nilianza kujiogopa mwenyewe, hata taa ya chumbani nikawa naiwasha kwa ncha ya kidole.

Ndipo akaja fundi umeme mpya, binti mpole wa sura lakini si wa ulimi. Alisema hajawahi kuona mkosi unaopita ndani ya waya. Akaniamuru niingie mikono mitupu, mkanda ukaendelea. Nikaingia na funguo, nikaingia na kofia, nikaingia na ile redio ya mkononi niliyopewa nilipopandishwa cheo, ninayoongea nayo na walinzi wa getini kila nikiingia zamu, bado ukaendelea. Akaniambia nibonyeze, niongee. Kabla sijamaliza kumsalimia mlinzi, mkanda ukasimama tuli. Yeye akafurahi kama aliyeokota pochi. Mimi nilitaka kulia.

Alinieleza kwamba waya unaopeleka amri kwenye kisanduku umevikwa wavu wa shaba, kazi yake kunasa kelele za umeme, za mota na za redio kama yangu, na kuzipeleka ardhini kupitia waya wa ethi. Aliyeufunga wavu aliubana juu ya rangi ya kisanduku, na rangi haipitishi umeme. Kelele zikakosa pa kwenda, zikaingia kwenye amri, na kisanduku kikadhani kimeambiwa kisimame. Akazima umeme, akachukua msasa, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akaubana wavu upya. Nilimshikia tochi, na kwa kweli nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama waya.

Siku ya kujaribu walijaa wote, meneja mbele na redio yake. Fundi alisimama mwisho wa tanuri na redio aliyoazima getini, akaniamuru nikae mbele ya kisanduku niseme chochote. Hapa sasa, Mama, kaa chini. Nilibonyeza, maneno yote yakanitoka kichwani, likabaki lile nililokuwa nalo moyoni tangu siku ya tochi. Nikasema nataka kumwoa, kama yuko tayari. Nilisahau kwamba redio zote za kiwanda zinasikia. Mkanda haukusita hata kidogo. Biskuti zilitoka nzuri ajabu. Aliyeungua nilikuwa mimi, uso mzima.

Kule mwisho wa tanuri akainua redio yake mdomoni. Kisha sauti yake ikatoka mkononi mwangu, mkononi mwa meneja na kule getini: kwamba ujumbe umefika bila kelele, na amekubali, ila niondoke pale mbele ya kisanduku niwaache watu wafanye kazi.

Kwa hiyo mwezi ujao tunakuja wawili. Salamu kwa wote, na dada aanze kutafuta jina lingine. Mkisikia hodi yetu, Mama, redio usiizime.

Mwanao kitinda mimba,
Msimamizi wa zamu, ndani, si dirishani