Eda ya Mama na Hesabu Yangu

Alhamisi, 3 Julai

Baridi bado. Nimewaogesha watoto kwa maji ya moto tena, sufuria mbili. Idi analia akiyaona maji, kisha analia akitolewa kwenye maji. Ana miaka sita na hoja zake. Salma, ambaye mwakani anaingia darasa la sita, ameandika orodha ya vitu vya safari na kuibandika kwenye friji. Cha kwanza boya. Cha pili boya la Idi. Sweta haimo.

Mpango ni huu. Jumamosi asubuhi tunakwenda Bagamoyo, tunalala siku mbili, watoto wanacheza baharini. Jumatatu, Saba Saba, tunaamkia Miono kumtoa mama eda. Baba alifariki tarehe 27 Februari. Miezi minne na siku kumi inatimia sikukuu hiyohiyo. Nimeihesabu tangu mwezi wa tatu na kuiwekea alamu kwenye simu. Hamisi anasema hajaona mke mwingine anayepanga likizo na eda katika safari moja. Nimemwambia ashukuru kapata mwalimu wa hesabu.

Ijumaa, 4 Julai

Kariakoo asubuhi. Doti ya kanga, udi, mafuta mazuri, chupa ndogo ya marashi. Mama yumo kwenye nguo nyeupe tangu Februari. Hajajipaka mafuta ya kunukia, hajatia wanja, hajavuka uzio wa nyumba. Kwetu binti ndiye anayemwogesha mama yake siku ya kutoka. Anamvisha kanga mpya, anamshika mkono, anamvusha kizingiti. Mama ana binti mmoja tu, mimi.

Mazishi ya baba sikuyawahi. Nilikuwa Songea kwenye semina. Alifariki alfajiri, wakazika baada ya alasiri. Nikafika kesho yake na mkoba wa semina begani, jina langu bado limening'inia shingoni. Mama hakunilaumu. Alinisogezea uji. Ningependa angenilaumu. Ndipo nikamwahidi kwamba siku ya kutoka nitakuwepo kabla watu hawajaamka. Nikilikosa na hili, sina uso tena mbele yake.

Jumamosi, 5 Julai

Mipango si matumizi.

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili. Tumeondoka saa tatu. Tukafika Tegeta, Salma akakumbuka maboya yako mlangoni. Tukarudi. Mapinga manyunyu. Bagamoyo manyunyu na upepo. Chumba tulichoahidiwa kinavuja juu ya kitanda, wakatupa kingine chenye kitanda kimoja na neti yenye tundu. Hamisi akalifunga tundu kwa kamba ya kiatu. Mwanaume huyu hakasiriki, na wakati mwingine hilo ndilo linalonikasirisha.

Watoto wakaingia baharini kwa nguvu. Dakika kumi. Wakatoka midomo ya bluu, meno yanagongana. Salma akasema bahari imeharibika. Idi akaanza kukohoa. Tukawavisha kila tulichokuja nacho, pamoja na shati la baba yao.

Saa saba na nusu simu. Wifi yangu Mwajuma, mke wa kaka Shabani. Wanakaa na mama.

"Wifi, mmefika wapi? Wali unapoa huku."

Nikacheka. Nikamwambia wali wa leo wale wenyewe, sisi tutaukuta wa Jumatatu. Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi na vyombo.

"Jumatatu ya nini? Mama anatoka leo."

Nikabisha. Nikamtajia tarehe. Akanihesabia polepole, kama anavyomhesabia mtoto. Baba kafa siku tatu kabla ya mfungo. Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, na siku za Mfungo Nne. Eda haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Inahesabiwa kwa mwezi wa angani, na miezi hiyo mingine ni ya siku ishirini na tisa. Zimetimia leo.

"Hukujua, Mwalimu?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nimefunga Ramadhani tangu nina miaka minane, kila mwaka naiona inavyorudi nyuma. Ila nilipoketi kuhesabu eda ya mama yangu, nilifungua simu. Na huko Miono hakuna aliyenikumbusha, maana nani angefikiri mtu mzima anahitaji kukumbushwa? Kila nilipopiga niliwaambia nakuja siku ya kutoka, wakasema karibu. Kila mtu na siku yake kichwani.

Nikaomba niongee na mama. Mwajuma akasema hataki kushika simu. Amekataa pia kuoga. Anasema binti yake yuko njiani. Shehe katuma neno kwamba siku zikitimia zimetimia, haifai kuongeza. Wageni wamekaa na mama amekaa.

Nikalia pale barazani, mkononi nimeshika chupi ya Idi inayochuruzika maji ya chumvi. Hamisi hakuuliza sana. Akaanza kufunga mabegi. Kwa mwendo mzuri tungefika saa kumi na moja.

Kisha akamnyanyua Idi kumpeleka garini na akasimama. Mtoto anawaka. Tukaenda zahanati. Malaria hakuna, kifua kimebana, homa kali. Daktari akampa dawa, akasema alale joto, tumrudishe asubuhi amsikilize tena.

Nikasema twende hivyohivyo, atalala njiani. Nimelisema kweli, naliandika ili nisijidanganye baadaye. Hamisi alinitazama tu. Salma naye alinitazama. Idi alikuwa begani kwangu, pumzi zake zinakwaruza.

Nikampigia Mwajuma. Nikamwambia mwogesheni, mvisheni chochote, asinisubiri. Akauliza nina hakika. Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo.

Nimechoka. Kanga iko kwenye begi, bado ina karatasi ya dukani.

Jumapili, 6 Julai

Idi ameamka saa kumi na mbili, hana homa, anaomba baharini. Watoto hawana haya. Daktari amemsikiliza, ameridhika, ametupa chupa nyingine ya dawa. Saa nne tukashika barabara ya Msata.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama. Nilipata mazuri kabla ya Msata, kisha Salma akatapika nikayasahau.

Tulipofika Msata tukakata kulia, barabara ya Segera, halafu tukaingia ya udongo. Ilikuwa imenyeshewa. Gari likazama kwenye tope mpaka ekseli. Wakaja vijana wanne na dada mmoja aliyewashinda wote nguvu, wakasukuma. Salma na Idi walisimama kwenye tope pekupeku wakicheka mpaka wakakaa chini. Bahari ya Bagamoyo haikuwapa raha hiyo. Mimi nilisimama pembeni, nguo zimerukiwa matope mpaka kifuani.

Tumefika saa tisa. Chumba cha mama mlango wazi. Mkeka umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Nguo nyeupe zimefuliwa, ziko kwenye kamba. Mama hayupo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa chumba kitupu. Mwajuma akatoka jikoni, akaniona nilivyo, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama mwalimu wa hesabu amekuja kwa gari au kwa jembe. Ni wifi yangu, ana haki yake. Akasema mama tangu jana hakai. Leo pekee kaingia nyumba saba, na saumu ya Ashura mdomoni. Kuna watoto wamezaliwa hajawaona, kuna watu wameugua hajawapa pole. Miezi minne ya habari ana kiu nayo.

Akarudi karibu saa kumi na mbili. Amevaa kanga ya Mwajuma. Hina mikononi, wanja machoni. Amekonda lakini anatembea haraka. Nilipomwona nilisikia wivu. Wa kijinga, lakini wivu. Mtu mwingine alimfunga ile kanga, akamshika ule mkono.

Nikampa shikamoo. Marahaba mwanangu. Nikaanza hotuba yangu ya njiani na sikufika popote, akaniuliza kifua cha Idi. Akaweka sikio mgongoni kwa mtoto, akamsikiliza kwa muda. Akasema daktari wenu anajua kazi. Hamisi akamwamkia kwa mbali, kichwa chini kama mkwe anavyopaswa, tope limemkaukia magotini. Mama akasema huyu apewe maji ya moto kwanza.

Tukafuturu uji na magimbi. Nikampa kanga na vitu vyote. Akavinusa kimoja kimoja, akaiweka kanga mapajani. Nikamwambia nisamehe, nimechelewa tena. Nililia mbele ya watoto.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema jana walimng'ang'ania watoke naye moja kwa moja mpaka makaburini, kama ilivyo desturi ya hapa, na shehe alikwisha kumruhusu. Hakukubali.

"Nimewaambia kokote nitakwenda peke yangu. Huko nina mwenzangu wa kwenda naye."

Jumatatu, 7 Julai

Baridi ya Miono si ya Dar. Ukungu mpaka mlangoni. Mama aliniamsha baada ya swala. Alikuwa amevaa kanga yangu. Watoto tumewaacha wamelala, na Hamisi.

Miezi hii minne nimekuja Miono mara tatu na makaburini sikukanyaga. Kila mara nilijiambia wanawake hawaendi. Nilikuwa naogopa tu. Leo nilikwenda kwa sababu yeye alikwenda mbele.

Shabani alitaka kutusindikiza. Mama akasema hapana, atuelekeze. Akatuelekeza, ni la mwisho kwenye mstari wa karibu na mkwaju.

Mistari ilikuwa miwili. Mwisho wa kila mmoja kulikuwa na kaburi ambalo udongo wake bado haujaota majani vizuri. Vijiti vya mianzi kichwani na miguuni, hakuna jina. Mama alinitazama mimi. Mimi nilimtazama yeye. Siku ya kuzika wanawake hawawasindikizi watu wao mpaka kaburini, na mimi siku ile nilikuwa ndani ya basi. Mimi na yeye hakuna aliyeona walipomlaza.

Nikatoa simu nimpigie Shabani. Mama akaniwekea mkono juu ya simu. Akakunja kanga, akachutama kwenye la kwanza, nami pembeni yake. Tukasoma Yasini. Mimi nilikosea mahali pawili, akanisahihisha. Kisha tukahamia la pili, tukasoma tena mwanzo mpaka mwisho. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Magoti yake yalimsumbua kuinuka, akaninyooshea mkono nikamwinua.

Nyumbani Shabani akauliza kama tuliliona.

"Tumeliona," mama akasema, akaingia jikoni kuwapasulia watoto kuni za maji ya kuoga.