Kwa Ndege ni Hapo Tu

Baba,

Nakusalimu nikiwa huku huku Ruangwa, ambako ulisema si mbali. Nilipohamia na cherehani yangu Mama alilia, wewe ukamcheka. "Ruangwa hapo tu. Kwa ndege, chai haijapoa keshafika." Wewe ambaye hukuwahi kupanda ndege hata siku moja. Kazi yako ilikuwa kulinda uwanja wa ndege wa Nachingwea. Ndege ndogo ikitarajiwa, ulipanda baiskeli ukapita njia nzima ya kurukia ukipiga kengele, ukifukuza mbuzi wa watu. Rubani alishuka salama, akaondoka, wala hakujua jina lako. Ulirudi nyumbani umefurahi kama aliyesafiri.

Siku mdogo wangu Hamisi aliponipigia kwamba umefariki, mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Nilipanda bodaboda, tukafika korongoni, maji yamefunika daraja. Dereva akazima pikipiki. Nikasimama pale nimelowa, naangalia juu. Mawingu tu. Hapo tu, Baba, na sikuweza kufika.

Kwetu maiti haicheleweshwi. Baada ya adhuhuri Hamisi akapiga tena. "Kaka, wazee wanauliza. Tukusubiri, au tumpeleke?" Nilitaka kusema nisubirini. Nikasema mpelekeni. Kisha nikachota udongo wa pale ukingoni, mara tatu, kama ambavyo ningeutia kaburini kwako, nikaumwaga majini. Sikujua pa kuumwaga pengine.

Sasa nikueleze jambo ambalo Hamisi sijamwambia. Kila ndege ikipita juu ya nyumba yangu, nasikia kengele yako. Mwanzoni nilidhani ni majonzi. Lakini juzi mke wangu alitoka jikoni akaniuliza, "Baba Salma, nani kaja na baiskeli?" Tukachungulia uani. Hakuna mtu. Mbuzi wetu walikuwa wamejibana wote ukutani, katikati ya ua peupe kabisa. Mke wangu akarudi ndani. Tangu hapo hataki kuanua nguo peke yake.

Naogopa, sikufichi. Ila naogopa zaidi siku ambayo sitaisikia kengele yako.

Barabara ilipokauka nilikuja kuzuru kaburi. Hamisi amelitunza vizuri. Nikaomba dua, lakini, Baba, nilihisi hupo. Nilihisi naongea na udongo tu. Labda uko njiani, unanifuata mimi niliyeshindwa kukufikia.

Kwaheri, mzee wangu. Pumzika, kama unaweza. Na kama bado una safari ya kuja huku, njoo. Nakuahidi, kila nikisikia mngurumo angani nitawafunga mbuzi mwenyewe, ua ubaki wazi. Chai nitaimimina niiweke mezani. Hata ikipoa, safari hii nitasubiri.

Mwanao,
Bakari