Mechi ya Tano

Jumapili, 21 Septemba 2014

Marvin ameumia. Goti la kushoto. Habari nimeipata Facebook, si kwake – mwenzake wa timu kaweka picha ya machela na maneno ya pole. Machela! Mtoto wa kumzaa mwenyewe namwona akibebwa, na mimi niko ndani ya basi la kampuni, huku Al Rayyan kando ya Doha, na yunifomu ya ulinzi, sina hata pa kulilia.

Nimempigia mpaka simu ikapata moto. Alasiri ndiyo akashika. Sauti nzito ya dawa. Eti si kitu, Mathe, ni goti tu. Goti tu! Kana kwamba magoti yanauzwa dukani.

Mimi huo mpira wao wa Amerika sikuupenda tangu mwanzo. Dada yangu Rael alipomchukua kwenda Texas akiwa na miaka kumi na nne, nilijua anakwenda kusoma. Akaota mabega. Wakamvisha kofia ngumu, wakamwambia kazi yake ni kumwangusha yeyote aliyekumbatia mpira. Chuo kikampa ufadhili kwa kazi hiyo: karo, chakula, kitanda, anasomea uinjinia. Nikafunga mdomo. Sasa naogopa hadi meno yanagongana, na nje ni lile joto la Doha la kupika yai barabarani.

Jumanne, 23 Septemba

Picha za goti zimetoka. Kano moja imechanika nusu. Haijakatika. Daktari wa timu anasema akipumzika itashika. Akigongwa tena kabla haijashika, inakatika yote, na hapo ni kupasuliwa, na baada ya kupasuliwa hakuna anayeahidi kitu.

Haya, nikashusha pumzi. Ndipo akaniambia la pili. Kocha amesema hachezi tena msimu huu. Wanamweka kando mwaka mzima. Wanaita redshati. Nikamuuliza amekosa nini. Hakuna, ni kawaida tu. Nikamuuliza, kwa hiyo wenzako wanasonga na wewe unabaki pale pale? Akasema ni kama hivyo. Kisha akaitwa kwenye tiba na simu ikakatika.

Kubaki pale pale. Kwetu hiyo ina jina lake: kurudishwa darasa. Na ufadhili je? Nani hulisha mtu wa kukaa benchi? Sijala. Nafula, tunayelala naye chumba kimoja, kaniwekea ugali chini ya sahani. Upo hapo unaganda.

Jumatano, 24 Septemba

Nimempigia kocha mwenyewe! Namba niliitoa kwa Rael kwa nguvu. Nafula alinishika mkono, akasema tungoje Ijumaa tumuulize mtu anayejua mambo ya Amerika. Nikamwambia mtoto ni wangu.

Mzazi akinyamaza, mtoto huachwa nyuma. Hilo nalijua. Marvin alipokuwa darasa la sita, mwalimu mkuu alitaka arudie. Nilikwenda ofisini na jogoo kwapani, nikalia mpaka karani akatoka nje. Mtoto akasonga. Je, ningekaa nyumbani nikiwaheshimu wenye vyeo?

Kiingereza kilinitoka vizuri, nashangaa. Nikamwambia, "Kocha, Marvin si mvivu. Nimemlea akienda shule na homa. Maumivu anayaweza. Mchezeshe." Akacheka, cheko la heshima. Akasema laiti wachezaji wake wote wangekuwa na mama kama mimi. Akasema maneno yangu atayakumbuka.

Leo nimekula.

Ijumaa, 26 Septemba

Mungu wangu, nimefanya nini.

Baada ya ibada – huku kanisa ni Ijumaa – nilimwona Cyrus, yule kijana wa kompyuta aliyesoma Amerika. Tulikuwa uani tukingoja basi, kila mtu amejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama habari za mtoto wa jirani. Hakudanganyika. Akasema, "Mama Marvin, hapo wamempa mwaka wa bure."

Akanieleza polepole. Mchezaji wa chuo ana misimu minne tu ya kucheza. Akiumia mapema na hajazidisha mechi nne, msimu ule unaweza kufutwa, ukawa kama haukuwepo. Anakaa, anatibiwa, anasoma, ufadhili haukatwi. Mwaka ujao anarudi na misimu yake kamili. Lakini akikanyaga uwanja katika mechi ya tano – hata kwa pigo moja, hata akitoka mara moja – msimu umehesabiwa. Hakuna kurudisha.

Marvin ameshacheza nne. Aliumia katika ya nne.

Na uinjinia wake ni wa miaka mitano. Sikuwa nimeyaunganisha hayo, mjinga mimi. Ufadhili hudumu maadamu ana msimu wa kucheza; huo mwaka unaofutwa ndio utakaomlipia mwaka wa tano. Bila huo hamalizi. Au anamaliza kwa mshahara wa mlinda geti, yaani hamalizi.

Cyrus akaniuliza kama nimezungumza na mtu yeyote kule. Nikasema hapana. Nimemdanganya mtoto wa watu nikiwa na kitabu cha nyimbo mkononi.

Mdomo huponza kichwa. Na kilichoponzwa hapa si kichwa changu, ni goti la mwanangu.

Jumamosi, 27 Septemba

Kocha hapokei. Mashine inaniambia niache ujumbe. Nimeacha. Nilianza vizuri, nikamalizia kwa Kiswahili kwa sababu ya hofu. Atajua nini huyo mtu zaidi ya mwanamke anayelia?

Wamecheza bila Marvin na wameshinda. Kijana aliyewekwa mahali pake amewaangusha watu kama migomba. Nimemwombea kijana huyo afya njema kuliko ninavyojiombea mimi. Akiwa mzima, hakuna atakayemkumbuka Marvin.

Jumanne, 30 Septemba

Hajajibu. Marvin sijamwambia kitu. Naogopa nikimwambia nitamtia wazo kichwani. Labda kocha amesahau. Watu wakubwa husahau.

Jumapili, 5 Oktoba

Sikukuu ya Idi, siku ya pili. Mall imefurika. Geti la wanawake ni mimi na pochi elfu – fungua, funga, Idi njema, pita. Simu zetu ziko kwenye kikapu cha Harun, supavaiza, mtu wa Mbale. Sheria haina huruma hapo, na mimi siku zote namtetea kwa hilo. Leo nilitamani nikipige teke hicho kikapu.

Ilipofika mapumziko nikachukua yangu. Ujumbe wa Marvin. Yule kijana aliyechukua nafasi yake kavunjika mkono jana. Kocha amemwita Marvin ofisini.

Nilikaa sakafuni, ndani ya yunifomu, mbele ya watu. Harun akaja mbio, akauliza kama ni msiba. Nikasema bado. Akaniletea kiti chake na maji, akasimama getini yeye mwenyewe kunifichia aibu, na wanawake wakawa wanageuka kwa kumwona mwanamume pale. Mungu amlipe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimezungumza na Marvin. Niandike haraka kabla sijaanza kuyalainisha.

Kocha anamtaka Jumamosi hii. Goti litafungwa mkanda wenye vyuma. Daktari amesema inawezekana – neno la kuogofya hilo, inawezekana. Na kocha hakumwambia faraghani. Alimsimamisha mbele ya timu nzima, akasema nimezungumza na mama wa kijana huyu, yuko ng'ambo huko analinda lango, naye ameniambia mwanawe maumivu anayaweza. Wakapiga makofi. Wengine wakasimama.

Kiswahili cha Marvin kimebaki kile cha darasa la nane, anatafuta neno kama anayepapasa swichi ukutani. Kisha akasema:

"Mathe, nilikuwa nangoja wewe uniambie nikae."

Nikamwambia kaa. Kaa, baba. Nilikosea, sikuelewa, nilidhani wanakurudisha darasa. Nikamweleza yote ya Cyrus. Kumbe anayajua! Anayajua kuliko Cyrus. Mwaka wa tano, msimu kufutwa, yote. Alikuwa amefurahi kuwekwa kando. Alidhani mimi pia nimefurahi.

"Sasa nitawaambia nini? Mama amebadilisha mawazo?"

Kila mwaka ni kocha anayependekeza nani aendelee na ufadhili. Marvin hakulisema hilo mpaka mwisho, tena kwa sauti ya chini. Anaogopa. Mtu mzima wa kilo mia na kitu, na namsikia anaogopa, na aliyemfungia mlango wa kutokea ni mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Rael hawezi kwenda, yuko zamu, na chuo ni mwendo wa nusu siku kwa gari. Tena akanisuta. Akasema kwa miaka sita amemlea kijana huyo bila kumpigia kocha hata salamu, na mimi kwa simu moja nimeyavuruga. Nikasema asante.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kocha amepokea! Kelele nyuma yake, filimbi, watu wakihesabu. Nikamwambia nilikosea, sikujua kanuni, naomba Marvin abaki kando kama kocha mwenyewe alivyoamua mwanzoni. Nimesema tafadhali mpaka neno likachakaa.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Akasema Marvin ni mtu mzima, amekubali kwa kinywa chake, na atamwingiza akibanwa tu. Yuko kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, ataanza huyo. Akasema wasiwasi wa mama ni jambo la kawaida.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa mama ambaye kocha aliwatamania wachezaji wake wote. Leo nina wasiwasi. Ni mdomo ule ule.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikwenda kanisani. Cyrus angenisoma usoni.

Nimemwandikia Marvin ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi: Ukikataa hutanivunjia heshima. Mimi ndiye niliyekosea, mwambie kocha hivyo. Akajibu kwamba ataanzia benchi, labda haitafika kwake.

Labda.

Nafula atashika zamu yangu kesho. Sikumwomba. Alikuwa anakunja nguo, akasema tu kwamba Jumamosi jioni getini atakuwa yeye.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa moja jioni hapa, kwao ni kabla ya adhuhuri. Mechi inaonyeshwa kwenye mtandao wa chuo. Nimeiegemeza kwenye mto simu aliyoniachia Nafula. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nimemwona. Amekaa mwisho wa benchi, kofia iko chini miguuni. Vyuma vya goti vinang'aa. Amenenepa uso. Mtoto mzuri jamani.

Robo ya kwanza imekwisha. Yule wa mwaka wa kwanza anahangaika lakini anasimama. Amka, baba, amka. Naam. Simjui jina, lakini leo ni wangu.

Wamefungwa. Kocha ametupa karatasi chini. Hajatazama benchi. Mtangazaji amesema jina letu – eti Marvin yuko tayari ikihitajika, na mama yake ni mlinzi Uarabuni aliyesema mwanawe hachoki. Limefika mpaka kwa mtangazaji! Nimeizima sauti.

Mapumziko. Nimeomba. Sikuomba vizuri, nilikuwa nabishana.

Wamerudi. Marvin bado amekaa. Kila dakika akiwa amekaa naishika kama kitu cha kuvunjika.

Kijana wa mwaka wa kwanza ameanguka. Haamki. Amka! Wanamzunguka. Amka, tafadhali, hata kwa kuchechemea. Anasimama. Anashikiliwa pande zote mbili. Anatolewa.

Kocha anatembea kuelekea benchi.

Marvin amesimama. Kocha amemwekea mkono shingoni na kumsemesha sikioni. Marvin anatikisa kichwa, sioni kama ni ndiyo au hapana, picha ni ndogo. Ameinama. Ameokota kofia.

Nampigia. Najua simu yake iko kabatini, nampigia tu kwa yangu. Inaita.

Amevaa kofia. Anarukaruka pale kando kumwonyesha kocha kwamba goti ni zima. Watu wanapiga makofi, naona mikono. Anatua kwa mguu wa kulia peke yake. Kocha haoni. Mimi naona kutoka Doha.

Yuko kwenye mstari mweupe. Bado hajauvuka. Kaa, Marvin. Inaita bado. Bado hajauvuka. Kaa chini, baba, mama amesema