Nani Alisema Hafundishiki

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naanza na magoti yako kabla ya jambo lingine lolote: lile la kushoto limeacha kukusumbua unapopanda ngazi? Na Baba, kifua chake kimetulia? Sisi huku ni wazima, tunakula na tunalala, ingawa usingizi wenyewe tumekuwa tukigombania kama blanketi fupi. Mjukuu wako ameota meno mengi, na anatembea amenyanyua mikono kama mtu anayevuka mto.

Najua unasubiri habari za mtihani wa mkwe wako. Ulifanyika juzi. Lakini usiniharakishe, Mama, maana ndani ya habari hiyo kuna nyingine, na nimeshindwa kuiandika bila kuizunguka kwanza.

Uliwahi kuniuliza hasa anasomea nini, nikakujibu falsafa, ukasema hiyo ni kazi ya walioshiba. Si falsafa tu, ni historia yake: nani aliwaza nini, na aliyemfuata akalichukuaje wazo lile. Tangu tuoane mkwe wako anafuata sentensi moja tu, kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Mzee mmoja wa kale aliandika kwamba sikio ndilo mlango mkubwa wa elimu. Basi. Waliokuja baadaye wakatia chumvi, na wengine wakatia chumvi juu ya chumvi, mpaka ikawa asiyesikia hafundishiki. Kwa kuwa maneno yalitoka kwa wakubwa, watoto wengi wakaachwa tu nyumbani. Kazi yake ni kuonyesha chumvi iliingilia wapi.

Msimamizi wake, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba, humwandikia pembeni mwa kila ukurasa: Nani kasema? Ugonjwa huo ameuleta nyumbani. Nikimwambia gesi imekwisha, anauliza nani kasema. Nikamjibu chai baridi ndiyo imesema, nenda kanunue.

Tangu siku ya utetezi ipangwe, kila jioni alinigeuza mtahini. Utetezi ndio huo mtihani wenyewe: unasimama mbele ya walimu, wanakutupia maswali juu ya ulichoandika, na wengine wanaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza. Basi mimi nilikaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, nimevaa miwani ya jua ili nitishe, nikasoma maswali aliyoniandikia. Mimi niliyeishia kidato cha pili naitwa Profesa. Tulicheka, lakini aliikoroga chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani. Alikwisha kuahirisha mara moja na chuo kilimwambia sasa basi. Akianguka, ile nafasi ya kufundisha aliyoahidiwa anapewa mwingine.

Jioni moja nikauliza la kwangu, halikuwamo kwenye karatasi. Kwa hiyo mtoto asiyesikia anafundishika au hafundishiki? Akanijibu taratibu kabisa kwamba yeye ni mtu wa historia. Kazi yake ni kusema nani alisema nini na lini, si kuamua ukweli uko wapi. Nikatikisa kichwa kiprofesa. Kisha nikaenda jikoni nikafungulia maji, nisikike naosha vyombo.

Kwa sababu, Mama, siku chache nyuma mfuniko wa sufuria kubwa uliniponyoka ukagonga sakafu nyuma ya mgongo wa mtoto. Mimi mwenyewe niliruka. Yeye aliendelea kupanga vijiko vyake. Nikapiga makofi. Nikamwita kwa jina lile ulilomchagulia wewe. Hakugeuka mpaka kivuli changu kilipomfika mkononi. Pengine ningesema tu ni mtoto mtulivu, kama habari za sikio na mlango zisingekuwa zinanizunguka kichwani kila jioni. Nikaaga naenda sokoni, nikampeleka kliniki. Daktari alimpima, akasema hasikii, masikio yote mawili. Akasema pia kuna shule ya watoto wasiosikia. Hilo la shule lilinifikia kwa mbali sana.

Sikumwambia baba yake. Niliogopa angeanguka mtihani. Na la pili nakuambia wewe tu: niliogopa asije akamtazama mtoto kama sura ya nne ya tasnifu yake.

Juzi nilikaa nyuma kabisa, mtoto mapajani anachezea vifungo vya blauzi yangu. Mwanzo mume wangu alijikwaa, akanywa maji, akaanza upya. Kisha mtahini mmoja mwenye sauti ya upole, na hao ndio wabaya, akamwuliza kuna haja gani leo ya kuwasahihisha wafu. Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Nilimwona akipekua karatasi, halafu akaziacha. Akainua macho, akamtazama niliyempakata.

"Binti yangu yuko pale nyuma," akasema. "Hasikii. Nataka akikua, mtu akimwambia hafundishiki, aweze kumwuliza nani kasema."

Mama, alikuwa anajua. Aliniambia baadaye kwamba kila akirudi alikuwa akimwita mtoto kutoka mlangoni, hageuki, ndipo akaanza kukanyaga sakafu kwa kishindo ili mtoto ahisi. Mimi nikidhani ni hasira za masomo. Kumbe jioni ile nilipofungulia maji, yeye alitoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi, nisimwone uso. Alinificha nisivunjike moyo, nami nikamficha asianguke.

Amefaulu, ila arekebishe sura mbili. Tulipotoka tulisimama kwenye korido. Nikamwuliza tena lile swali langu. Akasema anaamini anafundishika, na kwamba safari hii hana wa kumnukuu. Jumatatu tunaenda kuiona hiyo shule. Nina hofu, Mama, hata mwandiko unauona, lakini usimlilie mjukuu wako. Hapendi nyuso zilizokunjwa.

Ukija, usimwite kwa nyuma. Kanyaga sakafu, au mzunguke akuone uso. Msalimie Baba, na dada zangu wote, na mwambie mjomba zawadi yake ya kengele tumeipokea, mtoto anaipenda kwa kuwa inang'aa. Naye anakusalimu kwa namna yake. Kila akiiona picha yako ukutani anaweka kidole kwenye meno yake ya mbele, pale penye mwanya wako. Nadhani ndilo jina alilokupa.

Ni mimi kitinda mimba wako.