Majibu ya Leba

Mweiga, 4 Mei 1999

Kwa shemeji yangu Wakonyo,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi hii. Tu wazima. Je, Lynn ameanza kula vizuri?

Naandika nikiwa na wasiwasi. Unakumbuka kompyuta kuukuu ambayo marehemu ndugu yangu Theuri aliiweka hapa hospitalini? Kompyuta za maabara zililetwa na wafadhili wengine na za wodi na wengine, zikawa hazisikilizani, kama majirani waliogombania mpaka. Theuri akatia programu ya Linux kwenye ile kuukuu, akaiunganisha na waya wa huku na wa kule. Sisi wa maabara tukiweka majibu ya damu huku, wodi wanayasoma kule. Wiki iliyopita stima ilipotea na kurudi mara tatu. Mashine imeamka, lakini maagizo yake yamefutika.

Sasa tunatembeza karatasi. Jana mvua ililowesha karatasi ya mama mmoja wa leba, ile wodi ya kujifungulia, wino ukaenea, kundi lake la damu halikusomeka. Alipimwa upya huku akitokwa na damu. Aliponea chupuchupu. Na Mbeti wangu atajifungulia hapo hapo mwisho wa mwezi huu. Unajua vile alitokwa na damu mara ya kwanza.

Ndugu yangu hakuacha maandishi yoyote?

Shemeji yako,
Kingori

Mukurweini, 7 Mei 1999

Shemeji Kingori,

Barua imefika, nasi twashukuru tu wazima. Ng'ombe amezaa. Lynn anakula, ila bado anataka kiti cha baba yake kivutwe mezani.

Maandishi yapo. Theuri hakupenda kuandika. Jumapili tukitoka kanisani aliketi mlangoni akichambua maharagwe nami, akawa ananitajia maneno na mimi naandika kwenye daftari la Lynn. "Andika, mwalimu," aliniambia, na mimi niliishia darasa la saba.

Nimenakili kurasa zote nne, kila nukta na kila kistari. Ngatia wa gari la maziwa atakuletea. Daftari lenyewe nimeshindwa kulitoa. Unisamehe.

Mwambie Mbeti asibebe maji.

Shemeji yako,
Wakonyo

Mweiga, 11 Mei 1999

Shemeji,

Salamu nyingi, na shukrani. Nimeandika upya maagizo kama ulivyonakili. Wodi ya wanaume inasoma. Ya watoto inasoma. Leba peke yake inakataa: ati folda haipo. Nami naiona hapa kwa macho yangu, imeandikwa leba, na majibu yamo ndani. Kompyuta yao siigusi, nisije nikaharibu na ile.

Sista Gacheri, msimamizi wa leba, amenisimamisha mbele ya watu: "Kingori, sisi tulikukosea nini? Bibi yako ataletwa kwangu, si kwa wanaume!" Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Mbeti miguu imevimba. Daktari anasema huenda siku zikawahi. Angalia tena daftari, tafadhali.

Kingori

Mukurweini, 13 Mei 1999

Shemeji,

Salamu zangu ni za haraka, Ngatia anapiga honi.

Kosa ni langu. Jumapili ile Theuri alisema "reba". Nikamwambia, "Sema leba." Shuleni tulichapwa sana kwa hizo herufi mbili, l na r, hata leo sikio langu linasahihisha lenyewe. Yeye akacheka: "Andika vile nimesema. Sista Gacheri anaita reba, na mlango ni wake. Nikiweka leba ataitafuta wapi?" Nikadhani ni utani wake tu, nikaandika leba.

Mashine haijui utani wala shule; ya kwao bado inatafuta neno alilolitia Theuri. Jaribu reba. Kwa r. Ikikataa, sina lingine.

Shemeji yako,
Wakonyo

Mukurweini, 22 Mei 1999

Kingori,

Mko wazima? Hii ni siku ya tisa.

Ngatia anasema aliacha barua yangu langoni, akaambiwa umekimbia wodini. Sikumuuliza kwa nini. Hata Februari nilimngoja Theuri nimeketi hivi hivi, nikichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, hadi watu walipoingia wamevua kofia.

Kama r haikufaa, niambie. Kama ni baya zaidi, niambie pia. Nisifichwe kwa sababu mimi ni mjane. Mbeti yuko wapi?

Wakonyo

Mweiga, 25 Mei 1999

Dada Wakonyo,

Habari za huko? Usishtuke kuona mwandiko si wa Kingori. Yeye amelala kitini hapa, mdomo wazi. Kila alipotaka kukuandikia alisema angoje kwanza awe na hakika, na hakika haikuja hadi juzi.

Barua yako ilipofika nilikuwa tayari natokwa na damu. Anasema aliichukua langoni akirudi maabara na damu yangu ya kupimwa, akabadilisha ile herufi, kisha akakimbia na karatasi pia, kwa kuwa hakuiamini mashine. Alipofika mlangoni alimkuta Sista Gacheri ameshasoma kwenye kompyuta yao, anapaza sauti: "O! Yeye ni O! Hiyo karatasi yako peleka sokoni ufungie nyanya!" Wakaniongeza chupa mbili za damu. Hayo nimesimuliwa, mimi sikumbuki.

Tumepata msichana. Ni mdogo, na ananyonya kwa fujo.

Naandika nimelala kitandani. Mahali usipoweza kusoma, ruka. Kingori alitaka nikutajie naye aandike, nikakataa. Nilijua hutaamini mpaka uone mwandiko wangu.

Ni mimi mwenyewe, mdogo wako,
Mbeti