Kikurdi Nilichokidhania Kiarabu

Neema mjukuu wangu,

Hapa Tottenham hatujambo, na mgongo wa mama yako umepata nafuu. Umeuliza kutoka huko Malta kama Kikurdi na Kimalta vinafanana. Nilipokuwa nesi kijana nilidhani vyote ni Kiarabu.

Siku moja mjamzito Mkurdi alinishika mkono akilia, "Khwin! Khwin!" Nikamwita mwenzangu Mmalta atafsiri.

"Kimalta ndicho jamaa ya Kiarabu," alisema. "Kikurdi kiko karibu na Kiajemi. Sikielewi."

Rehana, Mhindi wa Kisumu aliyekuwa akifagia wodini, akageuka ghafla.

"Kwetu *khoon*, neno la Kiajemi, ni damu!"

Tukafunua shuka, tukaona damu, tukamkimbiza chumba cha upasuaji. Mama na mtoto walipona.

Hata leo naogopa nikiwaza: je, kama Rehana angemaliza kufagia mapema?

Nyanya yako anayekuombea.